Sijawahi kuandika programu hata moja: je, nitaweza kusoma kompyuta chuoni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 19, nimemaliza shule na nimepata nafasi ya kusoma stashahada ya kompyuta. Masomo yanaanza baada ya miezi mitatu. Sijawahi kuandika programu hata moja, na kompyuta sina, nina simu tu. Hisabati nilipata alama za wastani. Kaka yangu ananiambia nitakutana na wavulana walioanza kuchezea kompyuta tangu wadogo, na kwamba hata nikimaliza, akili mnemba itakuwa inaandika programu yenyewe. Tena chuo kinanitaka nichague kati ya sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu, nami tofauti siioni. Nifanye nini kabla ya kwenda, na je, nitaweza?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nafasi uliyoipata. Nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, na swali lako ndilo ambalo wengi wao hukaa nalo kimya mpaka muhula unakwisha. Umefanya vizuri kuliuliza mapema.

Nianze na hilo linalokukosesha usingizi. Kutowahi kuandika programu si kasoro. Somo la kwanza la kuprogramu huanzia sifuri, na mwalimu anayejua kazi yake hadhanii kwamba unajua chochote. Ni kweli kwamba waliotangulia watakuwa mbele yako wiki za mwanzo. Watamaliza mazoezi haraka, watazungumza maneno usiyoyajua, nawe utajiona umepotea njia. Vumilia. Nimewaona wengi wa hao wakikwama baadaye, kwa sababu walizoea kubahatisha: wanabadilisha kitu, wanaendesha programu, ikikataa wanabadilisha kingine, mpaka ikubali. Programu ya mistari 20 huweza kukubali kwa kubahatishwa. Ya mistari 500 haikubali.

Wanaofika mwisho ni wale wanaoweza kuifuatilia programu kwa penseli, mstari baada ya mstari, na kusema itatoa nini kabla kompyuta haijaguswa. Ujuzi huu ndio ningependa uje nao chuoni, na hauhitaji umeme wala kompyuta. Chukua karatasi tujaribu sasa hivi. Soma mistari hii minne kama kompyuta inavyoisoma, kutoka juu kwenda chini:

x = 5
y = 7
x = y
y = x

Mwishoni x ni ngapi, na y ni ngapi?

Kila mwaka sehemu kubwa ya darasa hunijibu kwamba zimebadilishana: x imekuwa 7 na y imekuwa 5. Sivyo. Zote mbili ni 7. Chora safu mbili, moja ya x na nyingine ya y. Kila mstari unapotekelezwa, ikate thamani ya zamani na uandike mpya chini yake. Mstari wa tatu unasema: chukua kilichomo ndani ya y, kitie ndani ya x. Hapo ile 5 imefutika, haipo tena mahali popote. Mstari wa nne unachukua kilichomo ndani ya x, ambacho sasa ni 7, na kukirudisha kwenye y. Alama ya = uliyoizoea shuleni ilimaanisha pande mbili ziko sawa; katika lugha nyingi za kuprogramu inamaanisha "tia". Ukiwa na kikombe cha maji na kikombe cha maziwa, na unataka vibadilishane, utahitaji kikombe cha tatu. Vivyo hivyo hapa: t = x, kisha x = y, kisha y = t. (Zipo lugha, Python ikiwa mojawapo, zinazokuruhusu kubadilishana kwa mstari mmoja tu, lakini kikombe cha tatu ni vizuri ukielewe kwanza.)

Ukilielewa jambo hili mpaka ukaweza kumweleza mdogo wako, umevuka mlango ambao umewazuia wengi. Yanayofuata, yaani masharti (fanya hili ikiwa lile ni kweli), mizunguko (kurudia hatua zilezile) na funksheni (kundi la hatua lililopewa jina), yote yanafuatiliwa kwa karatasi ileile na safu zilezile. Mzunguko huleta kosa lake maarufu, la kuzidi au kupungua kwa mmoja: ulitaka urudie mara 10, umerudia mara 11 au 9. Jicho halilioni kosa hilo. Jedwali la penseli hulionyesha mara moja.

Sasa miezi yako mitatu. Chagua lugha moja ubaki nayo. Mimi ningekushauri Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, kwa sababu maandishi yake ni mafupi na haikulazimishi kuandika alama nyingi kabla hujaelewa unafanya nini. Chuo kikianza na C au Java, hutakuwa umepoteza chochote: mzunguko ni mzunguko, sharti ni sharti. Kinachopoteza muda ni kurukaruka, wiki hii Python, wiki ijayo Java, kwa sababu mtu amesema hii ndiyo yenye ajira. Simu ya Android inaweza kuendesha Python kwa programu kama Pydroid 3. Kioo ni kidogo, na kuandika kwa kidole gumba kunachosha, lakini kwa mazoezi ya mistari 15 kunatosha. Ukipata bando la kutosha, Chuo Kikuu cha Harvard kimeweka mtandaoni kozi yake ya utangulizi iitwayo CS50, na kuifuata ni bure. Inakwenda kasi, kwa hiyo usione haya kuisimamisha video na kurudi nyuma. Na popote utakapoazima kompyuta, hata kwa nusu saa, itumie kuzoea kibodi. Mwanafunzi anayetafuta kila herufi kwa macho husahau alichokuwa anafikiria kabla hajamaliza kukiandika.

Uandike nini? Anza na vitu vidogo unavyoweza kuvikagua mwenyewe: programu inayohesabu irabu katika jina, inayosema mwaka fulani ni mrefu (wenye siku 366) au la, inayotafuta namba kubwa kuliko zote katika orodha. Kisha kuna moja ninayoipenda kuliko zote. Shuleni ulijifunza kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS, kwa kuorodhesha vigawo. Euclid alieleza njia fupi zaidi takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, nayo inatumika mpaka leo ndani ya kompyuta. Chukua namba mbili, gawanya ya kwanza kwa ya pili, shika baki. Sasa ya pili inakuwa ya kwanza, na baki linakuwa la pili. Rudia mpaka baki liwe 0; namba uliyogawanya kwayo mara ya mwisho ndiyo jibu. Kwa 48 na 18: 48 kwa 18 inabaki 12, 18 kwa 12 inabaki 6, 12 kwa 6 inabaki 0. KKS ni 6. Hatua tatu tu. Hiyo ndiyo algorithimu: hatua zilizo wazi, zenye mwisho, ambazo hata asiyejua kwa nini zinafanya kazi anaweza kuzifuata akapata jibu sahihi. Neno lenyewe limetoka kwenye jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na neno aljebra limetokana na jina la kitabu chake kimoja. Nayataja haya ili ujue kwamba unachokwenda kusoma kilikuwepo muda mrefu kabla ya mashine yenyewe.

Tumekwisha kuingia kwenye hisabati, basi tuimalize. Alama za wastani hazikufungii mlango, na sitaki uache nafasi yako kwa sababu hiyo. Lakini nitakuwa nakudanganya nikisema hisabati haina kazi huko. Ina kazi, ila si sana ile uliyoiogopa. Utakutana na mantiki, seti, kuhesabu namna za kupanga vitu, na mfumo wa namba wa tarakimu mbili, 0 na 1, ambamo 1101 ni sawa na 13, kwa kuwa ni 8 kujumlisha 4 kujumlisha 0 kujumlisha 1.

Mantiki hasa itakusaidia kila siku. Tuseme sharti la kuruhusiwa kuingia mahali ni kuwa na kitambulisho na kuwa umetimiza miaka 18. Nani anakataliwa? Mwanafunzi huandika haraka: asiye na kitambulisho na asiyetimiza miaka 18. Programu yake itamkataa mtu aliyekosa vyote viwili tu, na itamwingiza mtoto wa miaka 12 mwenye kitambulisho. Sahihi ni: asiye na kitambulisho au asiyetimiza miaka 18. Ukikanusha sentensi nzima, "na" hugeuka "au". Kanuni hii inaitwa kwa jina la De Morgan, mwanahisabati wa karne ya 19, na nimeona programu nyingi za wanafunzi zikivuja kwa kuisahau.

Halafu kuna logi. Najua, wengi mliziacha ndani ya kitabu cha majedwali na hamkutaka kuziona tena. Hebu zitazame hivi. Una orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kialfabeti, na unatafuta moja. Ukianza juu na kwenda moja moja, unaweza kuhitaji kuangalia yote milioni. Badala yake fungua katikati: kama jina lako linatangulia, nusu yote ya chini umeitupa. Fungua katikati ya nusu iliyobaki, tupa tena. Baada ya mara 20 hivi umefika. Orodha ikiwa ya majina bilioni moja, unahitaji mara 30 tu. Data imeongezeka mara elfu, kazi imeongezeka hatua 10. Idadi hiyo ya kukata nusu kwa nusu ndiyo logi. Nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo, maana naona nyuso zinabadilika: kitu walichokikariri shuleni bila kujua ni cha nini kimepata kazi. Mwaka wa pili utasoma somo la miundo ya data (namna za kupanga data ndani ya kompyuta) na algorithimu, na sehemu kubwa ya somo hilo ni swali hilihili: data ikikua, kazi inakua kwa kiasi gani? Anayeikimbia hisabati mwaka wa kwanza hukamatwa hapo.

Kuhusu kuchagua mkondo, tuchukue mfano mmoja. Hospitali inataka mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mtu wa sayansi ya kompyuta atauliza: tutaipataje kumbukumbu ya mgonjwa mmoja kati ya milioni kwa muda mfupi, na tutathibitishaje kwamba njia yetu ni sahihi? Mtu wa uhandisi wa programu atauliza: watu 10 watauandikaje mfumo mmoja bila kuvurugiana, tutaupimaje, na mahitaji yakibadilika baada ya miaka 3 utabadilishwaje bila kubomoka? Mtu wa teknolojia ya habari atauliza: seva zitakaa wapi, mtandao utasimamiwaje, nakala za akiba zitachukuliwa saa ngapi, na muuguzi akisahau nywila usiku nani atamsaidia? Zote ni kazi za heshima, na katika sehemu ndogo mtu mmoja huzifanya zote.

Ila usichague kwa jina. Vyuo huyatumia majina haya kila kimoja kwa namna yake. Omba orodha ya masomo ya kila mkondo, muhula kwa muhula, uzilinganishe. Tafuta mambo haya: kuprogramu kwa zaidi ya muhula mmoja, miundo ya data, hifadhidata, mitandao, mifumo endeshi, na mafunzo kwa vitendo yanayohesabiwa kwenye alama. Mkondo uliojaa masomo ya kutumia programu za ofisini huku kuprogramu kukipewa muhula mmoja tu, mimi nisingemshauri mwanangu auchukue, hata ungekuwa na jina zuri namna gani. Ukiwa bado huna hakika, chukua ule wenye msingi mpana wa kuprogramu na algorithimu. Kutoka huko kuhamia kusimamia mitandao ni rahisi kuliko kurudi kinyume chake.

Kuhusu wale wavulana ambao kaka yako anakutisha nao. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maelezo yenye hatua za kukokotoa namba za Bernoulli (mfululizo fulani wa namba katika hisabati) kwa mashine ambayo ilikuwa bado haijajengwa, na wengi huyahesabu kuwa programu ya kwanza kuchapishwa. ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipoonyeshwa kwa umma Marekani mwaka 1946, programu zake zilikuwa zimeandaliwa na wanawake 6. Grace Hopper alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutengeneza programu ya kutafsiri maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine, mapema miaka ya 1950. Huendi ugenini, binti yangu. Kaa mbele, uliza kwa sauti, na atakayekucheka swali lako mwombe akueleze jibu. Mara nyingi hana.

Nimeliacha swali la akili mnemba mpaka hapa kwa sababu ndilo lenye uzito zaidi. Kaka yako hajakosea kwamba mashine sasa zinaandika msimbo, yaani mistari ya programu. Zinaandika, tena kwa kasi, na zoezi lolote la mwaka wa kwanza zitalimaliza kabla hujakunywa maji. Swali ni nani atakayejua kwamba kilichoandikwa ni sahihi.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza. Haikumaliza sekunde 40 kabla ya kuharibika angani. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4, na kule ilifanya kazi bila tatizo. Sehemu hiyo ilichukua namba ya biti 64 (biti ni nafasi ya 0 au 1 moja) na kuitia mahali pa biti 16, ambapo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia ni 32,767. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, namba ikazidi, mfumo wa kuongoza roketi ukazimika. Msimbo ulikuwa umeandikwa na wataalamu na ulikuwa umefanya kazi miaka kadhaa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: je, hapa tulipoupeleka, bado ni kweli?

Hiyo ndiyo hali ya kila msimbo unaoletewa na akili mnemba. Umeandikwa vizuri, unaonekana sahihi, na pengine ni sahihi kwa mahali pengine. Jaribu jambo dogo: mwambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2. Itakupa 0.30000000000000004. Haijaharibika, ndivyo namba za desimali zinavyohifadhiwa kwa tarakimu mbili, kama vile thuluthi moja isivyomalizika ukiiandika 0.333. Asiyejua hili atapokea programu ya kuhesabu fedha inayotumia desimali za aina hiyo, ataiona inakwenda, na mwisho wa mwezi hesabu zitakataa kulingana. Anayejua atahesabu kwa senti, namba nzima, tangu mstari wa kwanza.

Kwa hiyo mwaka wako wa kwanza usiiruhusu akili mnemba ikuandikie. Iache ikuulize. Andika programu yako mwenyewe, kisha iombe ikutafutie thamani ambayo programu yako itashindwa nayo. Au iombe ikupe mistari 10 uitabiri matokeo yake kwa penseli, halafu muilinganishe. Nimekuwa na wanafunzi walioleta kazi safi kabisa, na nilipowaomba wabadilishe mstari mmoja mbele yangu hawakujua pa kuanzia. Walikuwa vijana wenye akili. Walikuwa wamejinyima miezi minne ya kukosea, na ile ndiyo miezi ambayo mtu anajifunza.

Juu ya kompyuta, nitasema kwa ufupi. Usikope ununue ya gharama kubwa. Kompyuta mpakato iliyokwisha tumika, yenye memori ya GB 8 na diski ya SSD, inatosha stashahada nzima, na ikiwa nzito kwa Windows unaweza kuiwekea Linux, mfumo endeshi mwingine ambao ni bure. Mpaka uipate, tumia maabara ya chuo, uende asubuhi kabla haijajaa. Jifunze pia Git wiki za mwanzo, usingoje ufundishwe. Ni programu ya kutunza historia ya kazi yako na kuiweka nakala mahali pengine. Mwanafunzi wangu mmoja aliibiwa kompyuta wiki mbili kabla ya kuwasilisha mradi wake wa mwisho, na nakala ya pekee ilikuwa humo ndani. Sikuwa na la kumwambia.

Ukianza masomo, usikariri msimbo wa mwalimu. Anapoandika ubaoni kila kitu huonekana chepesi. Ukirudi chumbani, funga daftari uandike upya kutoka kichwani, na pale utakapokwama ndipo ulipokuwa hujaelewa. Ujumbe wa kosa usome mpaka mwisho. Katika Python mstari wa chini kabisa ndio unaotaja kosa lenyewe, na juu yake utaona namba ya mstari lilikotokea. Ukikaa na tatizo dakika 40 bila kupiga hatua, inuka umwonyeshe mwenzako, ukimweleza ulitarajia nini na umepata nini. Mara nyingi utaligundua kosa ukiwa katikati ya kumweleza.

Na kwa leo jioni, kabla hujagusa simu, chukua ile njia ya Euclid uifanye kwa penseli kwa 1071 na 462. Utapata 21 kwa hatua 3. Kisha geuza, anza na 462 halafu 1071. Jibu litakuwa lilelile, ila hatua zitakuwa 4. Tafuta kwa nini, kisha niandikie unieleze kwa maneno yako mwenyewe.